Fundi aliyetufungia bomba ni mtoto wa mdogo wangu

Shikamoo mama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 43. Mume wangu anafanya kazi bandarini. Tuna watoto watatu. Desemba iliyopita tulihamia kwenye nyumba yetu huku Goba baada ya kujenga kwa kudunduliza miaka tisa, leo mifuko kumi ya saruji, mwakani mabati. Nilidhani siku nikilala chini ya bati langu mwenyewe nitakuwa nimepumzika.

Mdogo wangu wa tumbo moja yuko Morogoro, anauza vitumbua, anaamka saa kumi alfajiri kila siku. Kijana wake wa kwanza alipomaliza kidato cha nne nilimchukua. Alikaa kwetu miaka mitatu tukiwa bado tumepanga Sinza, akilala sebuleni. Ananiita mama mkubwa, na mimi sijawahi kumwita jina jingine zaidi ya mwanangu. Akawa anamfuata fundi bomba mmoja kama saidia fundi, akajua kazi, akaanza kujitegemea. Majirani kadhaa wa Sinza amewafungia vyoo na simtanki, na sikusikia mtu akilalamika.

Nyumba ilipofika hatua ya bomba, mume wangu alitaka fundi aliyependekezwa na mwenzake kazini. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema, kwa nini hela itoke nje wakati mtoto yumo ndani? Tukakubaliana mezani, hakuna kilichoandikwa: ufundi 900,000, vifaa atanunua yeye Kariakoo. Tulimpa 1,800,000 za vifaa. Risiti alizoleta hazikufika kiasi hicho, zilipungua kama 340,000. Mume wangu aliliona hilo, nikamwambia vitu vidogo vidogo havina risiti.

Bomba za ndani zilikamilika Novemba. Kijana alisema tusubiri maji yarudi ndipo ajaze bomba na kuangalia viungo, maana wiki ile mtaani kwetu maji yalikuwa ya mgao na simtanki lilikuwa tupu. Lakini fundi wa marumaru alikuwa anaanza Jumatatu, mwenye nyumba wa Sinza tulishampa notisi, na likizo ya mume wangu ilikuwa inaisha. Tukaendelea. Siku ya kuhamia tulimlipa kijana hela yake yote ya ufundi.

Januari mume wangu alifunga pampu ndogo kwenye simtanki kwa sababu maji ya shawa yalikuwa yanatiririka kivivu. Februari rangi ya ukuta wa korido, upande wa pili wa bafu la chumbani kwetu, ikaanza kuvimba na kumenyuka. Bili ya maji ilikuwa 18,000, ikaja 41,000. Kijana aliitwa, akaja siku hiyo hiyo, akabandua marumaru mbili, akabadilisha elbo (kiungo cha kona), akaziba. Tukakaa wiki tatu kwa amani. Machi unyevu ukarudi, safari hii mpaka chini ya mlango wa chumba cha watoto. Tangu hapo kila nikimpigia anasema, "Nakuja mama mkubwa," na haji. Sasa hapokei kabisa.

Tulimleta fundi mwingine. Aligonga gonga ukuta, akatikisa kichwa, akasema kazi yote ni ya kubomoa na kuanza upya. Anataka 2,600,000, na marumaru hazimo humo. Hatuna hela hiyo.

Mama, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Matengenezo yale ya Februari yaligharimu 280,000, vifaa pamoja na fundi wa kurudishia marumaru. Kijana alisema hana kitu. Nilitoa hela yangu ya kikoba nikamwambia mume wangu kuwa kijana amegharamia mwenyewe. Nilitaka amwone mtoto wangu ni mtu mzima anayesimamia kazi yake. Sasa mume wangu anataka kwenda polisi. Anasema akilala ndani siku mbili atakumbuka njia ya Goba. Nikimwita kijana tukae kikao, najua la 280,000 litatoka.

Mdogo wangu naye amepata habari. Alinipigia analia: "Dada, mtoto umemlea mwenyewe, leo unataka kumfunga?" Tangu siku hiyo hajanipigia. Mume wangu akiingia korido anautazama ukuta halafu ananitazama mimi. Nifanyeje?

Mama Mkubwa, Goba

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na mara ya mwisho niliisoma nikiwa na fundi bomba mmoja ambaye amefanya kazi hiyo tangu bomba za chuma zilipokuwa zinakatwa uzi kwa mkono. Yale ya ukuta nitakayokwambia mengi ni yake. Ya watu ni yangu.

Nikuelezee nilivyokuelewa. Ulimpigania mtoto uliyemlea apewe kazi kwenye nyumba yenu ya miaka tisa. Kazi imeleta hasara, mtoto amejificha, mume ana hasira, mdogo wako ameumia, na katikati ya hayo umebeba siri ya 280,000 peke yako. Unaniuliza ufanyeje na kijana. Mimi nimeona kuna maswali mawili ndani ya hilo moja, na umeyafunga pamoja mpaka hayafunguki: nini kinavuja ukutani, na nini hujamwambia mume wako. La kwanza lina fundi wake. La pili ni lako, wala halihitaji kusubiri la kwanza.

Nianze na ukuta. Kuna mistari miwili umeipita haraka sana. Wa kwanza ni kijana aliposema msubiri maji yarudi apime bomba. Wa pili ni pampu ya Januari.

Fundi wangu aliposikia hapo alinizuia nisiendelee kusoma. Bomba kabla hazijafunikwa kwa plasta na marumaru hujazwa maji, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono yenye saa ya presha. Yeye huzipandisha hadi bar 10 (bar ni kipimo cha presha), anaziacha kwa saa kadhaa huku akiangalia kama mshale unashuka. Pampu hiyo haihitaji maji ya mamlaka yawe yanatoka. Ndoo chache za maji ya kununua zingetosha. Kwa hiyo kijana alijua kuwa kupima ni lazima, na hilo ni la kumhesabia, lakini ama hakuwa na kifaa au hakujua njia nyingine zaidi ya kungoja mgao. Na nyinyi mliamua kuendelea. Silisemi hili nikuongezee mzigo. Nalisema kwa sababu kwenye barua yako lawama zote zimekwenda kwa mtu mmoja, na nadhani hata yeye, huko alikojificha, anakumbuka kwamba aliomba mngoje.

Sasa pampu. Maji yanayoshuka kwa uzito wake tu hutoa takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita nne au tano halifikishi hata nusu bar kwenye koki zenu. Kiungo kilichounganishwa vibaya kinaweza kuvumilia presha hiyo. Mume wako alipofunga pampu, viungo ambavyo havikuwahi kupimwa vikakutana na nguvu iliyozidi mara kadhaa. Mwezi uliofuata rangi ikavimba. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, ila mfuatano wake unastahili kutazamwa. Wala pampu haimwondolei kijana wajibu, kwa kuwa bomba iliyofungwa sawasawa inabeba presha hiyo bila tabu.

Kama mlitumia zile bomba za plastiki za kuchoma kwa mashine, na nyumba nyingi za siku hizi ndizo hizo, basi kila kiungo ni suala la joto na sekunde. Mashine hufika nyuzi 260, bomba ya milimita 20 hushikwa kwenye joto kwa sekunde 5, ya 25 kwa sekunde 7, halafu inaingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa na kuachwa ipoe. Ikizidi, plastiki inayeyukia ndani na kuziba njia. Ikipungua, inashika juu juu. Umeme ukiwa mdogo siku hiyo, au mashine ni ya kuazima na imechoka, fundi mwangalifu atasimamisha kazi. Fundi kijana mwenye haraka, ambaye mama mkubwa na baba mkubwa wanamwambia Jumatatu ni marumaru, anaweza asisimamishe.

Huyo fundi wa pili aliyetikisa kichwa, je, alifungua chochote? Umesema aligonga ukuta. Huenda yuko sahihi. Lakini ametoa hukumu ya 2,600,000 kwa kusikiliza mlio, na hela hiyo inakwenda kwake. Mafundi hawasifiani kazi, hilo umewahi kuliona hata kwa mafundi cherehani. Kabla hamjabomoa nyumba, jaribuni jambo lisilo na gharama. Jioni jazeni simtanki, fungeni koki ya kuingizia maji, zimeni pampu, fungeni koki zote za ndani na msiguse choo usiku huo. Wekeni alama ya kimo cha maji kwenye simtanki. Asubuhi tazameni. Yakiwa yameshuka, kuna upotevu ndani. Usiku wa pili rudieni, safari hii mkiwa mmefunga koki ya kuingizia maji kwenye hita. Yasiposhuka, tatizo liko njia ya maji ya moto, na bafu moja lina viungo vichache sana vya maji ya moto. Pia tieni rangi ya chakula kwenye tangi la choo, msivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, sehemu ya bili yenu inapotelea hapo bila kugusa ukuta wowote.

Kuhusu bili yenyewe, mita iko kabla ya simtanki. Zimeni matumizi yote, simtanki likiwa limejaa na boya limefunga, kisha mkaangalie mita. Ikizunguka, maji yanapotea kati ya mita na simtanki, huko nje ardhini. Na tusisahau kwamba Machi ni masika. Ukuta usio na plasta nzuri kwa nje hunywa mvua pia. Je, upande wa chumba cha watoto ni ukuta wa nje? Hukusema.

Hayo yakijulikana, ndipo ukuta ufunguliwe sehemu moja tu, pale panapotiliwa shaka. Ningependa kijana awepo siku hiyo, na fundi wa tatu ambaye mmemlipa kwa ajili ya kuangalia tu, asiye na matumaini ya kupewa kazi ya kubomoa. Kiungo kikikatwa kwa msumeno kinajieleza chenyewe kama kilishika au hakikushika. Kuna hatari: mnaweza kufungua na kukuta kweli viungo vingi ni vibovu, na fundi wa pili alikuwa na haki. Mtakuwa mmetumia hela ya fundi wa tatu. Lakini mtajua, na kijana atakuwa ameiona kazi yake kwa macho yake mwenyewe badala ya kuambiwa.

Atakuja? Sijui. Umeandika kwamba Februari alikuja siku hiyo hiyo, hakungoja. Mtu aliyekusudia kuwaibia hafanyi hivyo. Alianza kukukwepa tatizo liliporudi mara ya pili, yaani alipoona kwamba hajui lilipo. Kwa kijana aliyejifunza kwa kumbebea mwingine mkoba wa vifaa, kusema "mama mkubwa, hii imenishinda" ni kugumu, hasa mbele ya baba mkubwa ambaye tangu mwanzo hakumtaka. Inawezekana pia kwamba zile 340,000 zinamsuta. Inawezekana alizila. Au alinunua kwa wamachinga na maduka ya kichochoroni yasiyotoa risiti. Ulimkingia kifua kwa swali hilo kabla mtu hajamuuliza, na hivyo hajapata kulijibu. Ningemuuliza, kwa sauti ya kawaida, akiwa na nafasi ya kujibu ndiyo.

Polisi. Naielewa hasira ya mume wako, miaka tisa si mchezo. Lakini kazi mbovu kwa kawaida ni madai, si jinai. Makubaliano yenu ya mezani, hata bila karatasi, ni mkataba mbele ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na mahali pa kudai ni Mahakama ya Mwanzo, au kuanza kwa usuluhishi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni. Kulala ndani siku mbili hakuzibi bomba, na kijana akitoka atakuwa na sababu ya kweli ya kutorudi Goba. Hata hivyo sikatai kabisa njia za kisheria. Kama itathibitika alichukua hela ya vifaa bila kununua, hilo ni jambo jingine, na mume wako atakuwa na haki ya kulipima upya. Hatari ya serikali ya mtaa unaijua: majirani wapya wa Goba watawafahamu kwa kesi ya familia. Hatari ya kunyamaza nayo unaiona kila ukipita korido.

Kuna njia ya katikati ambayo wakandarasi wakubwa huitumia, nanyi hamkuitumia: kubakiza sehemu ya malipo mpaka kipindi cha matazamio kiishe, miezi sita au mwaka. Nyie mlilipa yote siku ya kuhamia. Hela hiyo imekwenda, lakini mnaweza kulitengeneza jambo kama hilo sasa: arekebishe kwa mikono yake chini ya usimamizi wa fundi mkubwa, vifaa mnunue nyinyi, siku zake za kazi zihesabiwe kuwa malipo ya hasara. Yule fundi aliyemfundisha, bado yupo Sinza? Huenda neno lake likafika kwa kijana pale simu zako zisipofika. Na baadaye, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mtaani: wanapimwa, wanaonyeshwa mapungufu, wanapewa cheti. Usilitaje hilo leo. Leo litasikika kama tusi.

Sasa lile ulilolificha. Unaogopa kwamba kikao kikikaliwa, la 280,000 litatoka. Naona tayari linafanya kazi bila kutoka. Mume wako anaamini kijana aliwahi kuwa na hela ya kulipia kosa lake Februari, kwa hiyo anahesabu kwamba sasa amekataa kwa makusudi. Hasira yake imejengwa juu ya habari uliyompa. Ulitaka amwone kijana ni mtu mzima, na nia hiyo naiheshimu, lakini ndiyo iliyomfanya aonekane jeuri. Kijana naye anajua kwamba ulidanganya kwa ajili yake. Hebu fikiria uzito wa kukaa mbele ya baba mkubwa ukijua hilo.

Unaweza kuendelea kuficha, na pengine lisijulikane. Unaweza kumwambia kwenye kikao, mbele ya watu, atakapokuwa hana pa kuweka uso wake. Au unaweza kumwambia mkiwa wawili, kabla ya kikao, bila kumtaja kijana sana: hela ilikuwa yangu ya kikoba, nilificha kwa sababu mimi ndiye niliyemleta na niliona aibu. Atakasirika. Wewe unamjua, mimi simjui, kwa hiyo wewe ndiye wa kupima kama hasira hiyo ni ya siku mbili au ni ya aina nyingine. Kama ni ya aina nyingine, niandikie tena kabla hujasema chochote, na uniambie ukweli wote. Lakini sijaona kwenye barua yako mahali alipokutukana. Nimeona anautazama ukuta halafu anakutazama wewe. Umelisoma tazamo hilo kama lawama. Umewahi kumuuliza?

Na huyo mdogo wako. Amesikia kwamba unataka kumfunga mwanawe, naye anaamini unaweza kwa sababu wewe ndiye dada mkubwa na neno lako lina uzito kwao. Hajui kuhusu ukuta, wala bili, wala kwamba ni wewe uliyetoa hela ya kikoba kumwokoa. Hahitaji kuombwa achague upande. Anahitaji kujua kwamba polisi haijaitwa, na wewe unahitaji mtu ambaye kijana bado anapokea simu yake.

Usimpigie alfajiri akiwa na mafuta jikoni. Ngoja kwenye saa nne, akishauza, akiwa amekaa.